Shina sugu, trikoderma, maikoriza au kusafisha udongo: kipi kilinde mizizi ya mzabibu na mpasheni?

Mpasheni unaonyauka juu ya udongo wenye unyevu hauna kiu. Maji yapo, ila njia ya kuyapandisha imezibwa, na mara nyingi kilichoiziba ni kuvu ya udongoni iliyopenya kwenye ncha za mizizi muda mrefu kabla jani la kwanza halijalegea. Hapo ndipo mkulima huanza kuuliza atumie nini. Anunue miche iliyobebeshwa kwenye shina sugu, yaani tawi la aina moja lililounganishwa juu ya mizizi ya aina nyingine inayostahimili ugonjwa? Amwagie trikoderma, kuvu inayowinda kuvu nyingine? Achanganye maikoriza, kuvu zinazoshirikiana na mizizi, kwenye shimo? Au ausafishe udongo wote kwa jua, kwa haradali iliyokatwakatwa, au kwa moshi wa dawa? Kila njia ina watetezi wake, na kila njia huokoa shamba moja na kushindwa kabisa katika jingine. Nimezilinganisha hapa kwa ajili ya mizabibu na mipasheni, mimea inayokaa ardhini miaka mingi, ambayo uamuzi wa siku ya kupanda huifuata hadi siku ya kung'olewa.

Sumu huumiza mbali na ilikotengenezwa

Huwezi kuchagua vizuri bila kujua kuvu hizi zinafanya nini ndani ya mmea. Nyingine hula mzizi waziwazi, zikauozesha. Nyingine huingia kimya, zikakaa ndani ya mishipa inayopandisha maji, na mzizi ukaendelea kuonekana mzima kwa nje.

Fuzari ya mnyauko, *Fusarium oxysporum*, ni ya kundi hili la pili. Ikifika kwenye mishipa hutoa asidi ya fuzari, sumu iliyotambuliwa mwaka 1934 nchini Japani na watafiti waliokuwa wakichunguza ugonjwa wa mpunga. Sumu hii hudhoofisha utando wa seli, na chumvi zilizopaswa kubaki ndani ya seli zikavuja. Huvuruga upumuaji wa seli. Huyakamata pia madini kama chuma na shaba, mmea ukakosa kuyatumia. Mmea nao haukai kimya: huziba mishipa yake kwa gundi na vivimbe ili kuizuia kuvu isipande juu. Ulinzi huo ukizidi, majani hukosa maji kabisa. Kwa hiyo mnyauko unaouona ni kazi ya pande mbili, sumu ya adui na hofu ya mmea wenyewe.

Ndugu yake, *Fusarium solani*, hupenda gamba la shina pale linapokutana na udongo. Hutoa sumu za kundi la naftazarini, nyingi zikiwa na rangi nyekundu, na gamba huoza kuzunguka shina hadi chakula kinachoshuka kutoka majanini kishindwe kufika mizizini. Mzizi hufa kwa njaa huku ukiwa umezungukwa na kila unachohitaji.

Kwa mzabibu mchanga maadui wawili ndio wanaosumbua zaidi. Mguu mweusi huletwa na kuvu zilizokuwa zikiitwa kwa jumla *Cylindrocarpon*, nazo huanzia sehemu ya chini kabisa ya kipando, pale kilipokatwa na jeraha halikufunga. Ugonjwa wa Petri hukaa ndani ya mti wenyewe. Kuvu zake, *Phaeomoniella* na *Phaeoacremonium*, hutoa sumu ziitwazo sitaloni na isosikleroni, ambazo zikiwekwa kwenye jani la mzabibu lililokatwa huliachia mabaka ya njano na makavu, hata kama kuvu yenyewe haijaligusa jani hilo.

Hilo la mwisho ndilo kiini cha uamuzi wote. Kuvu hukaa chini, sumu hupanda na maji, dalili hutokea juu. Ukinyunyizia majani dawa unatibu mahali ambapo adui hayupo. Ukimwaga dawa udongoni haiingii ndani ya mishipa iliyokwisha kuzibwa. Ndiyo maana karibu kila kitu ninacholinganisha hapa kina nguvu kabla ya kupanda au siku ya kupanda, na kina nguvu kidogo sana baada ya hapo. Anayekuuzia kitu cha kuufufua mpasheni uliokwisha kunyauka kwa fuzari anakuuzia matumaini.

Kata shina kwanza

Kabla ya kulipia chochote, ng'oa mmea mmoja unaoumwa, si ule uliokufa na kukauka, na ulipasue shina kwa urefu kuanzia kwenye mizizi.

Michirizi ya kahawia inayofuata mishipa kwenda juu, gamba likiwa zima, ni fuzari ya mnyauko. Gamba lililooza pale kwenye usawa wa udongo, wakati mti wa juu bado msafi, linaelekeza kwa *Fusarium solani* au fitoftora. Kwenye mzabibu, vidoa vyeusi vinavyotoa utomvu kama lami ukikata shina kwa upana ni Petri. Madonda meusi yaliyobonyea chini ya kipando, mizizi michache, na wakati mwingine tabaka jipya la mizizi lililojitokeza karibu na uso wa udongo kufidia ile iliyokufa, ni mguu mweusi. Ukibandua gamba ukakuta utando mweupe wenye harufu ya uyoga, na kamba nyeusi kama za viatu zikitambaa juu ya mizizi, hiyo ni armilaria, nayo huja kutoka kwenye visiki na mizizi ya miti iliyokuwepo kabla yako.

Fitoftora inahitaji neno lake. Watu huiweka pamoja na kuvu, na madhara yake yanafanana, lakini si kuvu ya kweli. Ukuta wa seli zake umejengwa kwa selulosi, na spora zake, yaani chembe zake za kuzaliana, zina mikia ya kuogelea. Dawa nyingi za kuvu haziigusi kabisa. Inatawala pale maji yanapotuama. Ukiwa na fitoftora, mfereji na tuta vitakusaidia kuliko kopo lolote, na ningeanza na hivyo kabla ya kusoma aya inayofuata.

Macho yanatosha kupunguza orodha ya washukiwa, hayatoshi kuthibitisha. Kwa shamba kubwa, maabara ya magonjwa ya mimea ikuoteshee kuvu kutoka kwenye kipande cha shina. Gharama yake ni ndogo ukiilinganisha na kupanda upya.

Shina sugu mkabala na trikoderma

Hizi ndizo mbili ambazo watu huziweka kwenye mizani mara nyingi zaidi, na kwangu hazina uzito sawa.

Shina sugu ni kinga iliyomo ndani ya mmea. Hulimwagilii, huliongezei, halikauki wakati wa kiangazi wala halisombwi na mvua. Kwa mpasheni mfano maarufu ni kubebesha pasheni ya zambarau juu ya pasheni ya njano. Zambarau ina harufu na utamu ambao wengi huutaka, lakini mizizi yake huangushwa upesi na fuzari ya mnyauko na minyoo fundo, minyoo midogo ya udongoni inayovimbisha mizizi. Njano huvumilia yote mawili vizuri zaidi. Wakulima wa Queensland, Australia, waliishika njia hii tangu katikati ya karne iliyopita kwa sababu mnyauko ulikuwa ukiwamalizia mashamba.

Minyoo fundo nisiipite haraka. Kila inapotoboa mzizi huacha mlango wazi, na fuzari hupita hapo hapo. Shina linalovumilia minyoo hupunguza mnyauko hata pale ambapo halina nguvu kubwa dhidi ya kuvu yenyewe. Trikoderma haiwezi kukupa hilo kwa uhakika uleule.

Lakini usugu una anwani. Pasheni ya njano inayostahimili *Fusarium oxysporum* huozeshwa shingo na *Fusarium solani*. Brazili, ambako njano ndiyo zao kuu, kuoza kwa shingo ya mmea kumewafanya watafiti wageukie jamaa zake wa porini, kama *Passiflora gibertii* na *Passiflora nitida*, kama mashina ya chini. *Passiflora caerulea* nayo hutumika mahali penye baridi na huvumilia mnyauko, ila hutoa machipukizi kutoka mizizini bila kuchoka, na asiyeyakata hujikuta na shamba la mmea ambao hakuupanda.

Kwa mzabibu mambo ni magumu zaidi. Kubebesha kulienea baada ya mdudu filoksera kuangamiza mashamba ya Ufaransa katika nusu ya pili ya karne ya 19, na mashina yaliyochaguliwa kutoka kwa mizabibu ya Amerika Kaskazini yalichaguliwa kwa ajili ya mdudu huyo, baadaye kwa ajili ya minyoo, ukame au udongo wenye chokaa nyingi. Usugu dhidi ya kuvu haukuwa kipimo. Hakuna shina la mzabibu lenye kinga kamili dhidi ya mguu mweusi. Yapo yanayoumia zaidi na yanayoumia kidogo. Zaidi ya hayo, kubebesha kwenyewe hufungua majeraha, na kitalu ndicho mahali ambapo Petri na mguu mweusi huingia mara nyingi, kupitia vikonyo (vijiti vya kubebeshea) vya miti mama yenye ugonjwa, visu, na mapipa ya kulowekea vipando. Kwa hiyo mnunuzi wa mche wa mzabibu asiulize tu jina la shina. Aulize kama vipando vililowekwa kwenye maji ya moto ya nyuzi 50 za Selsiasi kwa dakika 30 vikiwa bado vimelala, kisha vikapozwa. Utaratibu huu unapunguza sana kuvu za ndani ya mti, na ni jambo ambalo hakuna dawa ya shambani inayoweza kulifanya baadaye.

Sasa trikoderma. Ni kuvu ya udongoni yenye rangi ya kijani ambayo huwinda kuvu nyingine. Huzingira nyuzi za adui, huziyeyusha kuta kwa vimeng'enya, na baadhi ya aina zake hutoa sumu zake yenyewe. Mwaka 1932 Richard Weindling alionyesha kwamba trikoderma hushambulia kuvu za magonjwa, na mwaka 1936 sumu iliyohusika, gliotoksini, ikatengwa. Nafurahi kila ninapolikumbuka hilo, kwa sababu linaonyesha kuwa sumu ya kuvu si adui daima. Kuna aina za trikoderma zinazotoa kiambato chenye harufu ya nazi, na kiambato hichohicho huzuia kuvu nyingine kukua.

Nguvu ya trikoderma ni kwamba haichagui sana. Inasumbua fuzari, inasumbua kuvu za mguu mweusi, inasumbua hata fitoftora kwa kiasi. Udhaifu wake ni kwamba ni kiumbe hai kinachotaka unyevu, joto la wastani, mboji ya kula, na muda wa kukaa kwenye mzizi kabla adui hajafika. Ikichelewa hupambana na adui aliyekwisha jenga. Asidi ya fuzari yenyewe ni silaha katika vita hivyo: imeonekana kuzizima baadhi ya bakteria za *Pseudomonas* zinazolinda mizizi, zikaacha kutengeneza kiuavijasumu chao. Kuvu mbaya, kwa maneno mengine, haipigani na mmea peke yake. Inawanyamazisha na walinzi.

Kuna jambo jingine ambalo vifungashio hulitaja kwa maandishi madogo. Karbendazimu, dawa ya kuua kuvu, na dawa za jamii yake huiua trikoderma. Ukimwaga vyote viwili wiki moja umelipia mara mbili na kubaki na kimoja. Na chokaa, ambayo ni rafiki wa kweli dhidi ya mnyauko fuzari kwa kuwa ugonjwa huu hupenda udongo wenye uchachu na naitrojeni ya amonia, huweza kupunguza kasi ya trikoderma, inayopendelea uchachu kidogo. Udongo wenye pH (kipimo cha uchachu) kati ya 6 na 6.5 unawapa wote nafasi, kisha mbolea ya naitrojeni iwe ya naitreti.

Ningelazimika kuchagua moja tu kwa shamba la pasheni lililowahi kupata mnyauko, ningechukua shina sugu bila kusita. Kwa kitalu, au kwa shamba jipya ambalo adui wake hajulikani, trikoderma inastahili nafasi ya kwanza, kwa sababu mzizi mchanga ndio unaolindwa kwa urahisi na kwa kiasi kidogo cha bidhaa.

Trikoderma mkabala na maikoriza

Mara nyingi hizi huuzwa katika pakiti moja, na mnunuzi akadhani zinafanya kazi moja. Trikoderma ni mpiganaji. Maikoriza ni mshirika. Neno hili lilitungwa na Mjerumani Albert Bernhard Frank mwaka 1885 kuelezea kuvu zinazoishi pamoja na mizizi kwa faida ya pande zote: kuvu huleta fosforasi, zinki na maji kutoka mbali ambako mzizi haufiki, na mmea huilipa kwa sukari.

Kwa mzabibu, ushirika huu si pambo. Mizizi yake myembamba ni michache na vinyweleo vyake ni haba ukiilinganisha na mimea mingi, hivyo huutegemea sana. Mzabibu ulioambukizwa maikoriza ukiwa kitaluni umeonekana kuumia kidogo zaidi na mguu mweusi kuliko usio nayo. Kinga hii si ya vita. Inatokana na mzizi ulioshiba, wenye nafasi zilizokwisha kukaliwa, na mmea ambao mfumo wake wa kujihami umekwisha kuamshwa.

Katika ulinganisho wa moja kwa moja, maikoriza hupoteza kwa kasi na hushinda kwa muda. Haikupi matokeo unayoyaona mwezi wa kwanza. Hukaa na mzizi miaka yote ikiwa hutaiua, na njia rahisi kuliko zote ya kuinyima kazi ni mbolea nyingi ya fosforasi. Mmea wenye fosforasi tele hauoni sababu ya kutoa sukari yake, na ushirika hufa. Ninaona hili likifanyika mara kwa mara: maikoriza chini ya shimo, kisha konzi ya mbolea ya kupandia juu yake. Chagua kimoja. Kama udongo wako una fosforasi ya kutosha kwa kipimo cha maabara, okoa fedha ya maikoriza. Kama ni kidogo, weka maikoriza na upunguze mbolea.

Udongo ambao haujalimwa sana, wenye magugu na mazao mchanganyiko, kwa kawaida tayari una maikoriza yake wenyeji. Faida ya kuongeza ya dukani huonekana hasa kwenye miche iliyooteshwa katika udongo uliochemshwa, au shambani palipofukizwa dawa.

Kusafisha udongo: jua, haradali, moshi

Wazo la kuua kila kitu na kuanza upya linavutia, na ndilo ninaloliogopa zaidi. Fuzari ya mnyauko huacha spora zenye ukuta mnene zinazoweza kukaa udongoni miaka mingi bila mmea wowote wa kuzilisha. Huwezi kuzimaliza zote. Zile chache zinazobaki, au zinazorudi na maji na tope la viatu, hukuta ardhi isiyo na mpinzani, nazo huenea kwa kasi kuliko mwanzo.

Ushahidi mzuri uko Châteaurenard, kusini mwa Ufaransa. Udongo wa huko ulijulikana kwa kuizuia fuzari inayoshambulia matikiti ingawa kuvu hiyo ilikuwepo. Udongo huo ulipochomwa kwa mvuke, uwezo ulipotea. Uliporudishiwa sehemu ndogo ya udongo usiochomwa, uwezo ulirudi. Walinzi walikuwa viumbe hai, miongoni mwao fuzari zisizo na madhara zinazogombania chakula na nafasi na ile mbaya.

Kati ya njia tatu za kusafisha, jua ndilo la upole. Unalowesha udongo, unaufunika kwa plastiki angavu isiyo na matundu katika majira ya joto kali, unauacha wiki nne hadi sita. Jaakov Katan na wenzake walieleza njia hii nchini Israeli mwaka 1976. Sehemu ya juu hupata joto la kutosha kuua kuvu nyingi za magonjwa, na trikoderma pamoja na bakteria kadhaa zinazostahimili joto hubaki. Tatizo ni kina. Mzizi wa mzabibu hushuka zaidi ya mita, na joto hupungua sana baada ya sentimita 30. Kwa udongo wa kitalu ni njia bora. Kwa shamba zima la mizabibu inasaidia mwaka wa kwanza, mzizi ukiwa bado juu. Penye mawingu mengi usijisumbue.

Haradali hufanya kazi kwa gesi. Majani na mashina yake yakipondwa hutoa isothiosianeti, viambato vile vile vinavyouwasha ulimi, na gesi hiyo huua kuvu karibu na ilipotoka. Masharti yake ni makali: ikatwe ikiwa inaanza kutoa maua, isagwe vizuri, ifukiwe papo hapo, udongo umwagiliwe na kufunikwa au kushindiliwa. Anayeikata asubuhi na kuifukia jioni amefukia mbolea ya kijani tu. Hata hivyo mbolea hiyo nayo ni faida, na hilo ndilo linaloipa haradali nafasi juu ya moshi kwangu. Subiri wiki tatu au nne kabla ya kupanda, la sivyo gesi itauunguza mzizi mchanga.

Moshi wa dawa nitaupita haraka. Methili bromidi, iliyokuwa mfalme wa kufukiza udongo, iliondolewa kwenye matumizi ya kawaida mashambani chini ya Itifaki ya Montreal kwa sababu hutoboa tabaka la ozoni: mwaka 2005 kwa nchi zilizoendelea, 2015 kwa nchi zinazoendelea. Dawa zilizobaki zina nguvu tofauti na hatari tofauti kwa anayezitumia, na hazifiki ndani ya vipande vya mizizi minene. Kwa armilaria, inayoishi ndani ya kuni zilizozikwa kwa miaka mingi, kung'oa visiki na kuokota mizizi kwa mkono kuna thamani kubwa kuliko moshi wowote.

Kwa hali yako

Una shamba la pasheni ya zambarau lililonyauka, na mishipa ina michirizi ya kahawia: usirudie zambarau kwenye mizizi yake yenyewe hapo. Ibebeshe juu ya njano, rekebisha pH, weka trikoderma kwenye mfuko wa mche kabla haujatoka kitaluni. Hakikisha vikonyo havina virusi, kwa kuwa kubebesha husafirisha virusi kwa ufanisi uleule kunavyosafirisha usugu.

Una pasheni ya njano inayooza shingo: shina jingine linaweza kusaidia ukilipata, lakini anza na tuta la juu, matandazo yasiyogusa shina, na jembe lisilokwangua gamba. Trikoderma hapa ni msaidizi. Maikoriza haitabadilisha kitu kwa haraka unayoitaka.

Unapanda mizabibu mahali palipokuwa na mizabibu: fedha kubwa iende kwenye miche iliyopitia maji ya moto na kutoka kitalu kisafi, kisha zao la haradali msimu mmoja kabla, kisha maikoriza. Ukipanda mara baada ya kung'oa, hakuna kimojawapo kati ya hivi kitakachotosha. Mizizi ya zamani bado inalisha adui.

Unapanda kwenye ardhi mpya isiyo na historia ya ugonjwa: mtaji wako mkubwa ni udongo wenyewe. Usiufukize. Panga mifereji, ongeza mboji iliyoiva, nawa vifaa vinavyotoka shamba jingine, na utumie shina linalofaa minyoo ya eneo lako.

Na siku ya kupanda, chochote ulichochagua, chimba shimo pana la kutosha ili mizizi isikunjwe ielekee juu. Mzizi uliopinda hivyo hupata msongo, na mguu mweusi huanza na mimea ya namna hiyo. Acha kiungo cha kubebeshea juu ya uso wa udongo, kwenye mpasheni angalau sentimita 15, na usikifukie baadaye kwa matandazo au udongo wa palizi. Kikifukiwa, kikonyo hutoa mizizi yake yenyewe, nayo hushuka moja kwa moja kwenye udongo ulioukimbia.